Ukuta Huu Umebeba Nini?

Bibi akianza kutumia kiti cha magurudumu, mlango wa chumba wenye sentimita 75 hugeuka kero. Fundi anaitwa, anagonga ukuta kwa kiganja, anasikiliza kidogo, kisha anataja bei ya kutindua. Kugonga huko hakumwambii lolote la maana. Jibu liko juu ya dari.

Ifunguliwe sehemu ya dari, imulikwe tochi. Kenchi zimekaa wapi? Zikivuka kutoka ukuta wa nje hadi wa nje bila kugusa wa kati, huenda huo wa kati unagawa vyumba tu. Lakini mafundi wengi wa paa huegemeza mbao kwenye ukuta wa ndani zisipinde, na hapo umeshabeba paa hata kama ramani haikusema. Kwa nyumba ya ghorofa hakuna mjadala: aitwe mhandisi aliyesajiliwa.

Halafu kuna lenta, na hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme tundu la mlango lina sentimita 80 na lenta yake ina 110. Kila upande sentimita 15 zimelalia tofali. Tundu likipanuliwa hadi 110, lenta haina tena pa kukaa. Lenta ya mkanda, ile inayozunguka nyumba nzima, haitaanguka hivyo, ila nondo zake huenda hazikupangwa kubeba upana huo. Dalili ya kwanza huwa nyufa zinazopanda kutoka pembe za mlango.

Kwa hiyo mzigo hushikwa kwanza, kwa mirunda pande zote mbili za ukuta, ndipo tindo iguse tofali. Lenta mpya ikimwagwa, mirunda haiondolewi kesho yake: zege hupimwa nguvu kwa siku 28, na haraka ya mwenye nyumba haiifupishi hesabu hiyo.

Mji Mkongwe wa Zanzibar mambo ni mengine. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na ncha za boriti zimelala humohumo. Ukuta unaopokea boriti umebeba sakafu ya juu; zaidi ya hayo, mji huo ni Urithi wa Dunia tangu 2000, na mabadiliko yanahitaji kibali.

Pengine hata tindo haihitajiki. Mlango ukiwa wazi, unene wa ubao wake hula sentimita kama nne za njia. Zipo bawaba zinazousogeza ubao nje kabisa ya tundu, na bibi akapita.