BWANA WA WAFU: KUMSAWIRI MTUMIKISHA-WAFU KATIKA MCHEZO WA MASIMULIZI YA MEZANI

Utangulizi

Mchezo wa masimulizi ya mezani ni sanaa ya watu wachache, aghalabu watatu hadi sita, wanaoketi pamoja na kusimulia kisa ambacho hakuna hata mmoja wao ajuaye mwisho wake. Kila mchezaji humchukua mhusika mmoja, akanena na kutenda kwa niaba yake. Mmoja wao, ambaye hapa ataitwa msimamizi, huubuni ulimwengu wa kisa na kuwasemea wahusika wengine wote, akiwamo mwovu. Jambo lenye shaka, kama vile pigo la upanga kupata au kukosa, huamuliwa kwa kurusha dadu, na iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile yenye pande 20. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Makala haya yanakusudia kumchunguza mhusika mmoja anayejitokeza mara kwa mara katika michezo hiyo, yaani mchawi anayewafufua wafu na kuwatumikisha, na kueleza namna anavyoweza kusawiriwa vyema. Hoja ya msingi ni kwamba uovu wa mhusika huyu haumo katika mifupa, giza wala makaburi. Umo katika tendo la kumgeuza mtu kuwa kitu. Yeyote atakayemsawiri kwa Kiswahili atakuta kwamba lugha yenyewe imekwisha kumwekea nyenzo ya kulidhihirisha tendo hilo, nayo ni upatanisho wa kisarufi.

Kutoka kuuliza hadi kutumikisha

Jina analoitwa mtu huyu katika lugha nyingi za Ulaya lina asili ya Kiyunani: nekros, yaani maiti, na manteia, yaani uaguzi. Kwa hiyo hapo awali hakuwa mtu wa kuamrisha majeshi ya mifupa, bali alikuwa mwaguzi aliyewauliza wafu habari zilizofichika kwa walio hai. Katika kitabu cha 11 cha Odisei ya Homer, Odysseus anachimba shimo, anamimina damu ya kondoo, na roho za wafu zinakuja kunywa ndipo ziweze kusema. Haja yake ni kujua njia ya kurudi kwao. Wakati wa Kirumi, mshairi Lucan alimchora Erichtho katika kitabu cha 6 cha utenzi wake wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwanamke huyo anamwinua askari aliyeuawa vitani ili atabiri mwisho wa vita. Inafaa kutia maanani kwamba roho ya askari yule inasita kuurudia mwili wake, na kwamba Erichtho anamwahidi ujira: akishasema, hapana mchawi mwingine atakayeweza kumsumbua tena. Mfu huyu angali mtu. Anaogopa, anakataa, na hata bei ya kazi yake inajadiliwa.

Baadaye dhana hii iligeuka. Waandishi wa Kilatini wa Zama za Kati walilibadili neno likawa nigromantia, wakilihusisha na neno lenye maana ya weusi, na hivyo uaguzi wa wafu ukachanganywa na kila namna ya uchawi. Katika karne ya 20 hatua nyingine ilipigwa. Mwaka 1932 Clark Ashton Smith, mwandishi wa Marekani, alichapisha hadithi ya wachawi wawili wanaolifufua taifa zima lililokufa ili liwatumikie kama watumwa. Mwishowe wafu wenyewe wanaasi na kuwaangamiza mabwana zao. Hapa mfu hatafutwi tena kwa sababu ya elimu yake. Anatafutwa kwa sababu ya mikono yake.

Dungeons & Dragons ilirithi hatua hii ya pili. Toleo la mwaka 1974 tayari lilikuwa na uganga wa kuihuisha mifupa na maiti, na nyongeza ya mwaka 1975 ikamleta mchawi aliyekufa na kuendelea kuishi kwa nguvu za uchawi wake mwenyewe.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangazwa na mageuzi haya. Nchini Tanzania yako maneno msukule na ndondocha, yatajayo mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, ilhali, kwa mujibu wa wanaoamini, amechukuliwa na mchawi, amekatwa ulimi, na hulimishwa shamba usiku. Masimulizi hayo hayamtaji mfu kama jeshi wala kama kioja. Yanamtaja kama kibarua asiye na ujira wala sauti. Ulimi uliokatwa ndio kiini cha dhana, kwa kuwa aliyenyang'anywa usemi hawezi kukataa kama alivyotaka kukataa yule askari wa Lucan.

Nafasi ya mwovu katika mchezo

Mwandishi wa riwaya humwandalia mwovu wake mwanzo na mwisho. Msimamizi wa mchezo hana uwezo huo, maadam wachezaji wanaweza kumkimbia mwovu, kumsikiliza, au hata kuungana naye. Kwa sababu hiyo kinachosawiriwa si matukio bali ni mambo matatu: haja ya mwovu, gharama anayowatoza wengine, na udhaifu wake. Mfano bora ni kisa cha Ravenloft kilichotolewa na Tracy na Laura Hickman mwaka 1983. Humo, shabaha ya mwovu na mahali atakapokutwa huamuliwa kwa karata mchezo unapoanza. Matukio hubadilika, na mtu anabaki kuwa yule yule.

Mfano mwingine ni Vecna, aliyetajwa mara ya kwanza katika nyongeza ya mwaka 1976. Jina lake limeundwa kwa kupanga upya herufi za Vance, jina la mwandishi Jack Vance. Katika kisa chake, Vecna alisalitiwa na Kas, mtumishi wake mkuu, na kilichosalia ni mkono mmoja na jicho moja. Anayetaka nguvu zake sharti aukate mkono wake au alitoe jicho lake, kisha apachike kile cha Vecna. Usanifu huu una maarifa makubwa. Mwovu hayupo, wala hasemi lolote, lakini mchezaji mwenyewe ndiye anayeshika kisu. Gharama imehamishwa kutoka kwa mwovu hadi kwa shujaa.

Mfano wa kubuni

Ili hoja ionekane wazi, na uchukuliwe mfano. Katika nchi ya kubuni, tauni imeua nusu ya watu na mashamba yamebaki bila wakulima. Mwenye mashamba mmoja, mtu wa makamo, msafi, mwenye kutoa sadaka, anajifunza kuwainua waliokufa na kuwarudisha shambani usiku. Nafaka inajaa sokoni na bei inashuka. Njaa haipo. Wachezaji wanaingia katika mji huo wakiwa wamechoka, wanakaribishwa, wanakula na kushiba. Siku ya tatu mmoja wao anamwona mvunaji aliyevaa bangili aliyoifahamu, nayo ni bangili ya ndugu yake.

Haja ya mwovu huyu inaeleweka, na kwa kweli ina sura ya wema. Gharama yake imeenea kwa kila aliyekula, wachezaji wakiwamo. Wakimwangusha, mji utaona njaa. Wasipomwangusha, wataendelea kula jasho la wafu wao. Mwovu wa aina hii hamalizwi kwa dadu peke yake, kwa kuwa swali analolileta mezani halijibiwi kwa upanga.

Upatanisho wa kisarufi kama alama ya uovu

Hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia msimamizi. Mfu na wafu ni nomino za ngeli ya A-WA, na hazina utata: mfu amelala, wafu wamelala. Neno maiti, kwa upande mwingine, linayumba. Baadhi ya wasemaji husema maiti wake amezikwa, wakimhesabu aliyekufa kuwa angali mtu. Wengine husema maiti yake imezikwa, wakiutaja mwili kama kitu kilichobaki. Neno marehemu, lenye asili ya Kiarabu na maana ya aliyerehemewa, halina nafasi ya kuyumba, kwani anayelitamka amekwisha kumwombea mtajwa rehema. Mzoga nao, ambao kwa kawaida ni wa mnyama, ukitumiwa kwa binadamu huwa tusi.

Yule mwenye mashamba basi apewe lugha yake. Aseme: "Maiti hizi hazina njaa wala hazichoki, zinadhulumiwa nini?" Mjane wa mmoja wa wavunaji amjibu: "Maiti huyu ni mume wangu." Pasina maelezo marefu ya macho yanayowaka wala kicheko cha kutisha, wachezaji watakuwa wameusikia uovu wote katika kiambishi kimoja. Na mwovu akiteleza siku moja, akasema huyu badala ya hii mbele ya maiti fulani, msikivu atajua kwamba huyo alikuwa mtu wake.

Udhaifu

Mteleko huo unafungua suala la udhaifu. Katika ngano za Kirusi, Koschei hafi kwa sababu kifo chake kimefichwa ndani ya sindano, sindano ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, na sungura ndani ya kasha. Waswahili wanaye Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyu hadhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo inapatikana kwa mwanawe wa kumzaa. Visa hivi viwili vinatofautiana kwa jambo la msingi. Siri ya Koschei inalindwa kwa makasha na wanyama, na ya Liyongo inalindwa kwa udugu. Ya kwanza huvunjwa kwa kutafuta na ya pili kwa kusaliti. Tena Liyongo, akiwa amepiga goti kisimani na upinde umevutwa, anawazuia watu wa mji kuteka maji hata baada ya kufa. Hakuna aliyemwinua. Mauti yake yanatii nia yake mwenyewe, naye ni kinyume kamili cha ndondocha.

Msanifu anaweza kujifunza hapo. Kwa yule mwenye mashamba, udhaifu ufaao zaidi si kito kilichofichwa pangoni. Kanuni iwe kwamba mfu hufunguliwa pale jamaa yake anapomwita kwa jina lake na kumtaja kuwa marehemu, na kwamba atakayefanya hivyo atampoteza mara ya pili, asimwone tena hata kwa mbali shambani. Ushindi wa wachezaji utategemea kuwashawishi wafiwa wa mji mzima wakubali kulia upya. Hilo ni zito kuliko vita.

Jina la mwovu na hatari yake

Limebaki suala la kumwita. Mchawi ni neno lililo karibu zaidi, nalo lina hatari. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, aghalabu na watu wa jamaa zao wenyewe. Mwaka 2008 wazee walichomwa moto huko Kisii kwa tuhuma hiyo hiyo. Huko Usukuma, vikongwe wenye macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni wamepatwa na mauti kwa ajili ya macho hayo. Msimamizi anayemchora mwovu wake kuwa bibi kizee mwenye mvi na macho mekundu, anayekaa peke yake nje ya kijiji, hajabuni kitu. Ameirudia tuhuma inayoua. Mganga nalo halifai, kwani uganga ni tiba kabla ya kuwa jambo lingine, na kumtwika mganga mzigo huu ni kuendeleza mchanganyo ulioletwa na wageni waliowaita waganga na wachawi kwa jina moja.

Biblia yenyewe inatoa onyo. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 28, mwanamke wa Endori anamwinua Samweli kwa amri ya Sauli. Mara nyingi yeye ndiye aliyehesabiwa kuwa mwovu wa kisa, lakini anayeshurutisha ni mfalme, naye ndiye aliyewapiga marufuku watu wa kazi hiyo kabla ya kuwahitaji. Mwanamke anahofia uhai wake, na mwishoni anamchinjia ndama na kumwokea mkate mfalme aliyeishiwa nguvu kwa njaa.

Kwa hiyo yanapendekezwa majina mawili yanayoitenga kazi na umri au umaskini wa mtendaji. Mwita-wafu amfae yule wa kale, anayeuliza. Mtumikisha-wafu amfae huyu wa sasa. Kitenzi tumikisha, kwa kiambishi chake cha usababishi, kinaeleza hasa kosa lilipo: yuko anayesababisha, na yuko anayesababishwa. Nomino wafu, iliyo ndani ya jina lenyewe, inamkumbusha kila asemaye kwamba wanaotumikishwa ni wa ngeli ya watu.

Tamati

Imeonyeshwa kwamba bwana wa wafu alianza kama mwulizaji na akaishia kuwa mwajiri asiyelipa. Imeonyeshwa pia kwamba usanifu wake bora hutegemea haja inayoeleweka, gharama inayowagusa wachezaji, na udhaifu ulio mikononi mwa wafiwa. Msimamizi atumiaye Kiswahili hana haja ya kuazima vitisho. Na achague vema jina la mwovu wake, asimwazime uso wa kikongwe wa jirani, kisha asikilize ni kiambishi gani kinachotangulia pale mwovu huyo anapowataja waliokufa.