Mvua ya Bwindi na wakulima wanaochunga sokwe

Watalii hupenda kwenda Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, kati ya Juni na Agosti, njia zikiwa kavu. Kazi ya kuwalinda sokwe wa milimani haichagui msimu.

Sokwe hao hutoka msituni na kuingia mashambani, hasa kwenye migomba, ambako hupasua mashina na kula kiini chake. Tangu 1998, wanavijiji wa kujitolea, maarufu kwa jina la HUGO, huitwa kuwarudisha hifadhini. Hawalipwi mshahara; husaidiwa vitu kama mabuti na makoti ya mvua.

Mtihani mkubwa huja na mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Miteremko huteleza na ukungu hufunika mabonde. Ndio pia wakati wa kupanda maharage. Mkulima anayewafuata sokwe asubuhi nzima huacha shamba lake, na mvua haimsubiri mtu.

Faida ya jasho lake haiishii Uganda. Msitu wa Bwindi umeungana na hifadhi ya Sarambwe nchini Kongo, na sensa ya 2018 ilihesabu sokwe 459 katika misitu hiyo miwili. Mwaka 2015, Uganda, Rwanda na Kongo zilitia saini mkataba wa kuhifadhi kwa pamoja ukanda wa Virunga, Bwindi ikiwamo.

Mataifa yameshakubaliana. Linalobaki ni swali la kijijini: nani atamlimia aliyeitwa porini siku ya kupanda?