Ndugu wa Jina na Ndugu wa Kweli

Sisi Wakristo twaitana ndugu kila siku: katika salamu, katika barua na katika sala. Jina hili ni jema, walakini ni jina lenye deni, na deni lake halilipwi kanisani tu. Hulipwa mlangoni kwa mtu.

Hapa Goba, zamani palikuwa mashamba vilimani. Leo pana nyumba tele, na wenyeji wake wengi wametoka Kilimanjaro, Bukoba, Mbeya na Songea. Shangazi na wajomba wamebaki mbali, safari ya siku nzima au kupita. Mtu akishikwa na homa usiku, ukoo wake hauwezi kumfikia. Kwa hiyo jumuiya ndogo za Kikristo zina kazi kubwa kwetu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walikutana Nairobi mwaka 1973, wakaazimu kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya za majirani. Mwaka 1976 wakalitilia nguvu shauri hilo. Walutheri nao wanazo jumuiya zao mitaani.

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi alfajiri. Alikuwako kwetu mama mjane, mtu wa bara, asiye na jamaa mjini. Majuma matatu hakuonekana. Tulimtaja katika maombi, tena tukaandika daftarini ya kuwa mchango wake haujaletwa. Hakuna aliyekwenda kupiga hodi. Juma la nne tulikwenda, tukamkuta kitandani, amekonda sana. Jirani yake, mwanamke Mwislamu, ndiye aliyemchotea maji na kumpikia uji siku zote zile. Tulisema, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Karibuni. Nalidhani mmehama."

Neno hilo lilitutia haya, wala hatujalisahau. Hakutulaumu, lakini tulijua kwamba jirani yule alikuwa ndugu yake kwa kweli, na sisi tulikuwa ndugu zake kwa jina.

Hata hivyo, udugu usio wa damu si jambo lisilowezekana. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Unguja alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Watoto wale walikuwa wametengwa na baba zao na mama zao. Jamaa yao mpya ilikuwa wale waliokula nao, waliowafundisha na kuwauguza. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879, akawatumikia wengine.

Tena tumkumbuke Bwana wetu msalabani. Alipomkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, mwanafunzi yule hakuishia kumwita mama. Alimchukua nyumbani kwake. Huo ndio mfano wetu.

Basi, enyi wazazi na walimu, yatupasa tufanye nini? Kwanza, kila nyumba ijue milango ya wenziwe, hasa ya wajane, wazee na wageni. Pili, kabla ya kutawanyika, jumuiya iulize, "Nani hayupo leo?" na mtu mmoja atumwe siku ile ile, asingoje juma lijalo. Tatu, twende na watoto wetu tunapowatazama wagonjwa, wabebe uji na kuni kwa mikono yao wenyewe, kwani mtoto hujifunza udugu kwa kuuona. Nne, tuwashukuru majirani wasio wa dini yetu wanaotutangulia katika wema, nasi tuwatendee vivyo hivyo.

Mama yule alipona kwa rehema za Mungu, naye huja tena Jumamosi. Asipoonekana, twapiga hodi kwake kabla jua halijawa kali. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wasema wazee. Nasi twaongeza, ndiye ndugu pia.