Bati Haliizuii Risasi

Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliwamiminia risasi waumini wa kanisa la Joy in Jesus huko Likoni, Mombasa, na watu sita wakafa. Risasi moja ilipenya mwili wa mama, ikamkwama mwanawe kichwani. Mama alifariki, mtoto alipasuliwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, risasi ikatolewa, akaishi. Mapenzi ya mama huyo yamesimuliwa sana, na ni haki yake. Lakini mkasa huo unaonyesha jambo jingine, ambalo wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa jinsi nyumba zilivyobanana, wanapaswa kulijua: risasi haiishii kwa kitu cha kwanza inachokipata.

Jambo hili limepimwa. Baada ya maafisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kuuawa kwa risasi Miami mwaka 1986, shirika hilo lilibuni majaribio ambapo risasi za bastola hupitishwa kwanza katika vitu vya kawaida: nguo nzito, plaiwudi, kioo cha gari, na mabamba mawili ya chuma yaliyo mfano wa mlango wa gari. Nyuma yake huwekwa jelatini iliyo laini kama nyama ya mtu. Risasi inayosifiwa ni ile inayovuka kizuizi na bado ikazama katika jelatini sentimita 30 au zaidi. Kila bamba la chuma lina unene wa karibu milimita moja. Bati la geji 30, lile tunaloezekea na kuzungushia nyumba, halifiki nusu ya hapo. Na hiyo ni bastola, ambayo risasi yake hutoka na nishati ya takriban jouli 500. Ya AK-47 hukaribia 2,000, na ya G3, bunduki ambayo polisi wa Kenya wameibeba miaka mingi, hupita 3,000. Mlango wa mbao, kochi na godoro vitakuficha usionekane, basi. Kinachosimamisha risasi ni kitu kinene na kizito: magunia ya mchanga, injini ya gari, ukuta mnene wa zege.

Atasema mtu kwamba nyumba nyingi siku hizi ni za mawe. Mawe husaidia, ila dirisha na mlango hubaki palepale, na tofali lenye uwazi ndani hubomoka likipigwa mfululizo. Ndiyo maana heri kulala kifudifudi sakafuni, kuta mbili au tatu zikiwa kati yako na mlio, kuliko kusimama nyuma ya mlango. Wengine watahofia kwamba maelezo haya yanawafunza wahalifu. Mwenye bunduki anajua inachofanya. Asiyejua ni mtoto aliye chini ya kitanda.

Polisi nao wanapaswa kulijua jambo hili kabla ya kufyatua. Pingamizi lenye uzito hapo ni la usalama: magenge ya mapanga yamewatesa watu wa Kisauni, na polisi lazima wayakabili. Kweli. Hata hivyo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita, inaruhusu bunduki pale tu njia nyepesi hazitoshi, tena kwa sababu maalumu kama vile kuokoa maisha. Katika vichochoro vya mabati, maisha hayo ni pamoja na ya familia iliyo nyuma ya mshukiwa. Kwa hiyo bati na jelatini viwekwe katika uwanja wa shabaha wa kila askari anayepelekwa huku, na IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, inapochunguza risasi iliyofyatuliwa, iulize pia ilikoishia.