Wamawia

Wamawia ni jina ambalo wenyeji wa pwani ya kusini mwa Tanzania waliwapa Wamakonde waliotoka nyanda za juu za Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Wenyewe hujiita Wamakonde, na wengi huliona jina la Mawia kuwa la dharau.

Historia

Mto Ruvuma ulifanywa mpaka mwaka 1886 kwa mapatano ya Wajerumani na Wareno. Wamakonde wakajikuta pande zote mbili, lakini waliendelea kuvuka. Chini ya Wareno walilipishwa kodi, walilazimishwa kufanya kazi na, tangu mwaka 1938, kulima pamba. Kwa sababu hiyo wengi walihamia Tanganyika, ambako mishahara ilikuwa afadhali. Walifanya kazi kama manamba katika mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na Tanga. Baadhi walifika hadi Kenya.

Mtazamo wa wenyeji

Wahamiaji hao walitambulika kwa chale za usoni, meno yaliyochongwa na, kwa wanawake, ndonya ya mdomo wa juu. Wamakonde wa Tanzania nao walikuwa na desturi hizo, ila waliziacha mapema zaidi. Tena wengi wa upande wa Tanzania ni Waislamu, ilhali waliotoka Mueda walikuwa Wakatoliki au wafuasi wa dini za jadi. Watu wa pwani waliwaona kuwa washamba na wakali. Sifa hiyohiyo ya ukali iliwapatia kazi ya ulinzi wa usiku mijini.

Vyama vya wahamiaji hao vilizaa chama cha MANU, kimojawapo cha vyama vitatu vilivyoungana kuwa FRELIMO mjini Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, maelfu ya wakimbizi walivuka Ruvuma, na wengine walipewa makazi Rutamba, mkoani Lindi. Mtu aliyedharauliwa kama manamba sasa aliweza kuitwa mpigania uhuru.

Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975 wengi walirudi kwao. Wengine walibaki, kwa kuwa walikwisha kuoa, kuolewa na kupanda mikorosho. Kati ya waliobaki walikuwamo wachongaji wa mpingo. Vinyago vya Kimakonde vinavyojulikana duniani kama sanaa ya Tanzania kwa sehemu kubwa ni kazi ya wahamiaji hao na watoto wao.

Uraia

Nchini Kenya wazao wa wahamiaji hao waliishi kwa miongo mingi bila uraia. Mwaka 2016 waliandamana kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi, na serikali ikakubali kuwapa vitambulisho. Sasa huhesabiwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo.

Hali ya sasa

Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, limerahisisha safari. Lakini tangu mwaka 2017 mkoa wa Cabo Delgado umekumbwa na mashambulizi ya waasi, na mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa pia. Baada ya mji wa Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kuwa maelfu ya watu waliovuka kuingia Tanzania walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Wengi wa wakazi wa kando ya mto wana ndugu upande wa pili.