Nakala ya karibu, faida na hatari yake

Tuseme ordinateri tatu za Kasongo zinaomba pamoja fishie moja iliyo mbali, Kindu. Rezo iko dhaifu. Kila moja ikivuta peke yake, megabaiti 10 zinakuwa 30. Kwa hiyo mafundi wanaweka karibu nakala moja ya wote: ya kwanza inavuta, zingine zinangoja kidogo, kisha zote zinasoma pale pale.

Lakini hatari iko. Tangazo la njia ya Kabambare likibadilishwa Kindu, Kasongo wanaweza kusoma la jana na kumtuma mtu kwenye daraja lililovunjika. Katika miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kilitengeneza AFS: mashine kuu inakumbuka nani ana nakala, na fishie ikibadilika inamjulisha. Rezo ikikatika, ujumbe haufiki. Basi, tuangalie tarehe kwanza.