Uboho ukichoka, jicho linaweza kusema la kwanza

Mimi ni mwana-agronomi, siko dokta. Lakini mwaka jana mwenzetu mumoja alianza kuona doa jeusi katikati ya jicho. Sisi wote tulimwambia: "Ni ordinatere hiyo, ni kazi ya memwari." Akanunua dawa ya matone kwa farmasi. Kumbe ni kipimo cha damu ndicho kilisema ukweli: uboho wake uliacha kutengeneza damu.

Uboho, ile nyama laini ya ndani ya mifupa, ni kama pepinieri. Inatoa miche ya aina 3: chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na mikrobe, na plaketi zinazogandisha damu. Pepinieri ikikauka, shamba lote linakosa. Ugonjwa huo, anemia aplastiki, ulielezwa na dokta Paul Ehrlich mwaka 1888, juu ya mama mja-mzito aliyekufa nao.

Sasa jicho linaingia wapi? Mtu mzima kawaida iko na plaketi 150.000 mpaka 400.000 kwa mikrolita moja ya damu. Zikishuka sana, na chembe nyekundu nazo zikipungua, mishipa midogo ya retina inavuja. Damu ikimwagika pembeni, mgonjwa anaweza asijue kitu. Ikimwagika katikati, anashindwa kusoma kwa siku moja tu, na mara mingi bila maumivu. Ndiyo maana inatudanganya.

Haiishie pale. Chembe nyeupe zikikosa, virusi na kuvu vinaweza kuingia hata ndani ya jicho. Dawa nazo ziko na bei yake: kortizoni ya muda mrefu inaweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Na kisha kupandikizwa uboho, chembe za mtoaji zinaweza kushambulia tezi za machozi, macho yakakauka.

Basi tufanye nini? Ukiona doa la gafla, pamoja na kuchoka, fizi kutoka damu ao alama za bluu kwenye ngozi, usikimbilie matone. Uliza kipimo cha chembe zote za damu, na dokta wa macho aangalie retina.

Jambo la mwisho: plaketi hazihifadhiwe kwa kawaida zaidi ya siku 5 ao 7. Kwa hiyo mgonjwa anategemea watoaji wa kila juma. Mwenzetu sasa anasoma tena, kwa sababu plaketi zilipopanda, ile damu ya jicho ilinyonywa polepole. Zile plaketi zilitoka kwenye mikono ya watu asiowajua. Wewe, ulitoa damu mara ya mwisho lini?